Ulimi Uliohukumiwa Arusha

Tarehe 4 Agosti, 1993, hapa Arusha chini ya Mlima Meru, Serikali ya Rwanda na wapiganaji wa Rwandan Patriotic Front walitia saini mkataba wa amani. Wapenda amani wa Afrika Mashariki walishusha pumzi. Lakini mwezi mmoja tu kabla ya hapo redio mpya ya watu binafsi, RTLM, ilikuwa imekwisha kuanza matangazo yake huko Kigali. Wino wa Arusha ulipokuwa ukikauka, redio hiyo iliwafundisha wasikilizaji wake kwamba mkataba ule ni usaliti na kwamba jirani yao ni adui.

Haikuanza kwa kuwaambia watu washike mapanga. Ilianza kwa muziki, utani na porojo za mitaani, na watu wakaipenda. Kidogo kidogo Mtutsi akaitwa "inyenzi", yaani mende, kama gazeti la Kangura lilivyokwisha kumwita. Mtu akiitwa mdudu kila siku, kumkanyaga huwa si dhambi tena machoni pa anayesikiliza. Kati ya Aprili na Julai 1994, watu wapatao laki nane waliuawa.

Aibu hiyo ikarudi Arusha. Tarehe 3 Desemba, 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana, mwanahistoria, Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria, na Hassan Ngeze, mhariri wa Kangura. Katika rufani ya mwaka 2007 baadhi ya makosa yalifutwa, na vifungo vikawa miaka 30, 32 na 35. Majaji walitenganisha maneno ya chuki na uchochezi wa moja kwa moja wa kuua. Tofauti hiyo ni ya haki, lakini inatukumbusha kwamba mahakama huja baada ya maziko.

Ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji kwenda Kigali kulielewa jambo hili. Wazee wao wanakumbuka Zama za Siasa, pale magazeti na majukwaa ya vyama yalipogeuza ubishi wa kura kuwa ubishi wa asili za watu, hata majirani wakasusiana misiba na maduka. Katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 watu 68 walipoteza maisha. Visiwa hivyo hivyo vimetuonyesha pia njia nyingine: mwishoni mwa 2009 viongozi wa pande mbili waliketi wakazungumza, na katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai, 2010, wananchi wapatao theluthi mbili ya waliopiga kura wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hakuna tusi lililoleta tunda hilo.

Kwa wakuu wa Serikali tunasema wazi: dawa si kufuli. RTLM haikuwa redio ya wapinzani. Waanzilishi wake walikuwa watu wa karibu na watawala. Afisa anayefungia gazeti linalomkosoa, huku akimwacha mchochezi wa upande wake aendelee kutukana, hajalinda amani bali amechagua upande. Tena habari ya kweli inapofichwa, uvumi ndio hushika usukani. Kipimo kiwe kimoja kwa wote. Kuikosoa Serikali si uchochezi. Kumwita raia mdudu, au mgeni katika nchi yake kwa sababu ya kabila, dini au chama chake, ni uchochezi, hata kama msemaji ni rafiki wa wakubwa.

Nasi waandishi tusijitoe lawamani. Mchambuzi mwenye makali huuza gazeti na huvuta wasikilizaji, na mhariri humwita tena kesho akijua fika kwamba hachambui kitu. Anayetukanwa apewe nafasi ya kujibu, tena mahali pale pale alipotukanwa. Msomaji naye ajiulize: maneno haya yananifahamisha jambo, au yananifundisha tu nani wa kumchukia?

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Arusha imeona mkataba ukitiwa saini, na imeona walioubomoa kwa maneno wakisimama kizimbani. Hatuna budi kujifunza kabla hatujahitaji mahakama nyingine.