Kitonge Kisichopikwa Huanzia Kwenye Ungo

UKOKO WA JUNGU
Na Zuhura Mbwana

Shule zimefunguliwa, na kwenye simu za akina mama yanazunguka mapishi yaleyale: tende, karanga na ufuta vinatwangwa pamoja, vinaviringwa vitonge, basi. Hakuna oveni, hakuna sukari ya kumimina. Mtoto anawekewa viwili kwenye kibakuli chake cha shule mahali pa biskuti. Nimefurahi kuona jambo hili likishika, nami nataka lishike zaidi. Ndiyo maana safu nzima ya wiki hii nimelipa.

Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazina oveni, na hazijawahi kuihitaji. Andazi linataka mafuta na moto wa muda mrefu alfajiri. Kitonge kinataka kinu, mchi na mikono safi. Tena kuviringa si ugeni kwetu. Ladu, tuliyoipokea kwa majirani zetu wenye asili ya Uhindini, imeviringwa Unguja, Mombasa na Tanga kwa vizazi. Kashata nayo haijawahi kuona oveni, ni sukari iliyoyeyushwa kwenye sufuria, karanga au nazi ikamwagiwa humo, ikatandazwa na kukatwa. Mzee anayekula kipande kimoja na kikombe cha kahawa chungu barazani hana kosa lolote mbele yangu. Ninayemwazia ni mtoto wa darasa la pili ambaye kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni anaishi kwa biskuti, soda na barafu za rangi.

Shida ya kwanza ya mapishi hayo ni kwamba mengi yametungwa kwa ajili ya jiko la mtu mwingine. Yanataka shayiri ya kopo, mbegu za chia, siagi ya lozi, vipande vya chokoleti. Mama akienda dukani na orodha ile atarudi na deni, halafu ataamini kwamba kula vizuri ni mambo ya wenye magari. Aifute orodha hiyo. Karanga zinatoka Dodoma na Tabora. Ufuta unatoka Lindi na Mtwara, na hukohuko ziko korosho, ambazo sehemu kubwa tunaziuza nje zikiwa ghafi wakati watoto wetu hawajui ladha yake. Ubuyu unatoka Dodoma na Singida, na zabibu kavu za Dodoma zinafaa pale tende zinapokuwa ghali. Tende peke yake ndiyo mgeni, na hata huyo ni mgeni wa siku nyingi: majahazi yalizileta Lamu na Unguja kutoka Omani na Basra kwa upepo wa kaskazi, yakarudi na boriti kwa upepo wa kusi. Anayezitaka kwa bei nafuu azinunue zile zilizoshindiliwa kwenye pakiti, asizitafute zile kubwa za kupangwa kwenye boksi. Asome na maandishi ya pakiti, maana baadhi hupakwa sharubati ya glukosi ili zing'ae.

Mimi hufanya hivi. Vikombe viwili vya tende zilizotolewa kokwa, kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa bila mafuta na kupepetwa maganda, nusu kikombe cha ufuta uliokaangwa hadi uanze kurukaruka, vijiko viwili vya unga wa ubuyu, hiliki mbegu chache, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Natwanga karanga kwanza, zisilainike kabisa, mtoto apate cha kutafuna. Naziweka kando, natwanga tende mpaka zishikane, kisha narudisha vyote kinuni. Mchanganyiko ukikataa kushikana naongeza tende moja moja. Maji siongezi hata tone, maana maji ndiyo yanayokifanya kitonge kichache siku ya pili. Naviringa vya ukubwa wa ndimu ndogo na kuvigaragaza kwenye ufuta uliobaki. Vikiwa ndani ya kopo kavu lenye kifuniko hukaa wiki bila taabu. Nazi mbichi iliyokunwa ni tamu humo, lakini huchacha upesi. Anayeitaka aikaushe kwanza kwenye kikaango, moto mdogo, mpaka ikwaruze vidoleni.

Kwa nini ubuyu? Ufuta usiokobolewa una madini ya chuma na kalisi, lakini chuma cha nafaka na mbegu mwili hukipokea kwa shingo upande. Vitamini C huusaidia kukipokea, na ubuyu unayo kwa wingi. Ukali wake pia unavunja utamu wa tende. Karanga nazo, karibu robo ya uzito wake ni protini na karibu nusu ni mafuta, ndiyo maana mtoto aliyekula vitonge viwili hulitulia daftari lake mpaka kengele ya mchana.

Nimesema viwili, na nasisitiza viwili. Karibu theluthi mbili ya uzito wa tende ni sukari. Ni sukari iliyokuja na nyuzinyuzi zake na madini yake, na haifanani na soda ya mililita 350 yenye gramu 35 hivi za sukari tupu, lakini ni sukari. Wanaomimina asali juu ya tende kwa kudhani asali haihesabiwi wajue kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, limeiweka asali kundi moja na sukari ya mezani, na limeshauri kundi hilo lote lisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Ikiwezekana lishuke chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Mwenye kisukari asidanganywe na jina la "vitafunwa vya afya", aviweke kwenye hesabu ya mlo wake pamoja na anayemtibu. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, na wadogo wote wasipewe karanga nzima, kwa kuwa hupaliwa. Zitwangwe.

Hayo akina mama wanayajua, au watayajua upesi. Lililonifanya nishike kalamu ni jingine, na sijaliona likitajwa kwenye mapishi hata moja kati ya hayo yanayozunguka.

Moto wa jikoni hutusamehe mengi. Unga ulioguswa na mkono mchafu, maji yasiyochemshwa, mbegu iliyokanyagwa sakafuni: mafuta ya maandazi yanayochemka huua vijidudu vingi vya namna hiyo. Kitonge hakipiti huko. Kilichoingia kinuni ndicho kitakachofika mdomoni. Kwa hiyo karanga na ufuta vikaangwe hata kama mapishi yanasema havipikwi, maana mbegu mbichi zinaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Tende zisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa na kuanikwa zikauke. Kinu kilichotwangiwa kitunguu saumu jana kisafishwe na kukaushwa juani. Hapo tumemaliza habari ya vijidudu.

Sumukuvu hatujaigusa, kwa sababu sumukuvu haiogopi kikaango. Ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye karanga, mahindi na nafaka nyingine. Kuvu wenyewe hufa motoni, sumu waliyoiacha hubaki, na kukaanga huipunguza tu, hakuimalizi. Dunia iliigundua kwa njia ya karanga: mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga waliyokuwa wakilishwa. Sisi tuliijua kwa msiba wetu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 20 wakafa. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wameonja uchungu huo mwaka 2004, watu 125 walipofariki mashariki mwa nchi yao. Mapema 2020 shirika lao la viwango, KEBS, likasimamisha uuzaji wa chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu ya sumu hiyohiyo.

Vifo vya ghafla huandikwa magazetini. Dozi ndogo za kila siku haziandikwi. Sumukuvu hula ini taratibu kwa miaka na huleta saratani yake, na kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari huongezeka maradufu na zaidi. Kwa watoto imehusishwa na kudumaa. Sasa fikiri: mama ameacha biskuti, ameamua kumpa mwanawe karanga kila siku ya shule kwa miaka saba. Ameamua vyema. Ni lazima basi karanga hizo ziwe safi kuliko za mtu anayezitia kwenye mchicha mara moja kwa wiki.

Ndipo ungo unapoingia. Usinunue karanga zilizokwisha kusagwa kama hujui zilikosagiwa na zilivyokuwa kabla ya kusagwa, kwa sababu kwenye unga huwezi kuona punje iliyooza. Nunua nzima. Zimwage kwenye ungo mahali penye mwanga na uzichambue punje kwa punje. Iliyosinyaa, itoke. Yenye doa jeusi, ukijani au uzi mweupe, itoke. Iliyovunjika, iliyotobolewa na mdudu, iliyobadilika rangi, itoke pia. Usimpe kuku, maana sumu humdhuru naye. Ukishakaanga, onja. Punje chungu iteme, na ukikutana na chungu nyingi fungu lote usilitwange. Sumu haina rangi wala harufu, na punje inaweza kuwa nzuri machoni ikawa nayo, lakini imethibitika kwamba sehemu kubwa ya sumu katika gunia hukaa kwenye punje chache zilizoharibika, kwa hiyo kuchambua kwa makini huondoa sehemu kubwa ya hatari. Bibi zetu walichambua kila kitu kabla ya kukipeleka jikoni. Wasichana wetu wasiione kazi hiyo kuwa ya kizamani.

Muulize na muuzaji, kwa adabu, bila kumfanya mshtakiwa. "Mama, karanga hizi zilianikwa juu ya nini?" Wengi watakujibu wanachokijua. Karanga iliyoanikwa kwenye udongo mtupu hunyonya unyevu na kuvu kutoka ardhini, iliyoanikwa kwenye turubai au jamvi ina nafuu kubwa. Muulize kama zilibanguliwa kwa kuloweshwa. Katika maeneo mengi yanayolima karanga, ubanguaji ni kazi ya vidole vya wanawake, na vidole vikichubuka wengine hunyunyizia maji ili maganda yalainike. Ni jambo linaloeleweka kwa mtu mwenye gunia kumi na mikono miwili, lakini unyevu ule ukifungiwa ndani ya gunia ndio unaokuza kuvu. Ukame wa mwisho wa msimu pia huchangia, na wadudu, na ghala lisilopitisha hewa. Mengi ya hayo mama wa mjini hayawezi, hata awe hodari vipi na ungo wake.

Kwa hiyo baada ya jikoni nahamia kwa wenye mamlaka. Kiwango cha Afrika Mashariki kinasema sumukuvu kwenye karanga isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Ni kiwango kizuri, lakini mnunuzi wa karanga za kupimwa kwa kopo sokoni hana namna ya kujua kama kimefuatwa. Shirika la Viwango Tanzania lilikabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019. Naliomba lichukue sampuli za karanga na unga wa karanga kwenye masoko yetu makubwa kila msimu wa mavuno na litangaze majibu soko kwa soko, hadharani, kwa lugha ya sokoni. Siombi wauza karanga wafukuzwe. Naomba wajue, nasi tujue, ili mwenye mali safi apate bei ya mali safi. Leo yeye na mwenye mali chafu wanauza kopo kwa bei moja, na hiyo ni dhuluma kwa aliyejitaabisha.

Halmashauri nazo zina fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwenye wilaya za karanga, fedha hizo zinunue maturubai ya kuanikia, mashine ndogo za kubangua ambazo hazihitaji maji, na vipimo vya unyevu ambavyo kikundi kinaweza kuazimana. Maafisa ugani wafuate nyuma, wafundishe kuanika mpaka karanga iliyotikiswa ndani ya ganda lake iwe inalia. Kikundi kilichojipanga hivyo kinaweza kuuza karanga zilizochambuliwa kwa shule moja kwa moja, na shule ikaacha kumtegemea muuza biskuti wa getini.

Kama kikundi chenu tayari kinaanika juu ya turubai na kubangua bila maji, niandikieni kupitia ofisi ya gazeti hili. Nitakitaja hapa, pamoja na soko mnalouzia, ili wasomaji wa mjini wajue pa kununua kabla kinu hakijatolewa.