Kojak: Kipara, pipi na kijana aliyeonewa

Wiki hii tunaye Kojak, yule kachero mwenye kipara wa New York. Telly Savalas alimwigiza kuanzia 1973 hadi 1978, suti kali, pipi ya kijiti mdomoni ili apunguze sigara. Mdogo wake wa damu, George, naye alikuwemo, yule askari mnene mwenye nywele timutimu.

Sasa sikia ulikoanzia mchezo wenyewe. Mwaka 1963 wasichana wawili waliuawa Manhattan. Mwaka uliofuata polisi wakambana kijana mweusi wa miaka 19 mpaka akatia saini kurasa 61 kwamba ndiye muuaji. Kumbe siye! Muuaji akaja kupatikana baadaye. Sinema ya kwanza ya Kojak ilitokana na mkasa huo, na humo Kojak anayatilia shaka maelezo hayo. Mahakama ya Juu ya Marekani nayo iliutaja mwaka 1966, ilipoamua mtuhumiwa aambiwe kwanza kuwa ana haki ya kunyamaza.

Kwa hiyo ukimsikia kachero wa kwenye runinga akiyatamka maneno hayo, usidhani ni mbwembwe. Kuna kijana wa watu alisota. Tuonane wiki ijayo!