Hitma na Wakfu

Msiba ukiingia katika nyumba zetu za Pwani, watu wajua la kufanya. Hitma husomwa, na siku ya arubaini masufuria ya pilau huteleka uani. Si jambo baya. Wafiwa hupozwa moyo na maskini hula. Lakini pilau huisha jioni ile ile, na mara nyingine mjane huachiwa deni la mchele.

Wazee wetu walikuwa na njia nyingine, nayo ni wakfu. Mtu alifunga shamba la minazi au nyumba ya kupangisha, lisiuzwe wala lisirithiwe, mapato yake yaende msikitini, chuoni au kwa mayatima. Sheria ya Wakfu ya 2022 imechukua mahali pa ile ya 1951, lakini sheria haiweki wakfu. Huwekwa na watu.

Asiye na shamba je? Ndugu wanane wakitoa shilingi 1,000 kila mwezi kwa jina la mama yao, mwaka mmoja ni shilingi 96,000. Hizo zalipa karo ya bweni ya mtoto wa jirani. (Hiyo bado ni sadaka, kwani hutumika ikaisha. Wakinunua chumba cha kupangisha wakakifunga, hapo ndipo ni wakfu.)

Kinachoniogofya ni usimamizi. Ukoo wauteue msimamizi wakiwa hai na wapatanifu, na daftari la hesabu lisomwe mbele ya wote kila Mfunguo Mosi.