Koleo Likivunjika, Uhunzi Haufi: Hatima ya Zana za Majaribio za Kuundia Programu

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hiyo ilitungwa katika zama za mivukuto na fuawe, lakini inafaa sana katika ufundi wa siku hizi wa kuunda programu za kompyuta. Mtunga programu naye ni mhunzi. Chuma chake ni maagizo yanayoiongoza kompyuta, na koleo lake ni zana anazozitumia kuyaandika, kuyajaribu na kuyasahihisha maagizo hayo. Baadhi ya zana hizo ni kongwe, na tabia zake zinajulikana. Nyingine ni za majaribio: zimeundwa na watafiti, au na kikundi kidogo cha mafundi, kwa nia ya kupima wazo jipya, na hakuna awezaye kusema kwa yakini kama zitakuwapo baada ya miaka mitano.

Kwa mwalimu wa shule ya sekondari jambo hili si la nadharia tupu. Mwalimu aweza kutumia likizo nzima kuandaa masomo kwa kutegemea zana fulani, kisha akasikia kwamba wenye zana hiyo wameamua kuifunga. Kazi walizotunga wanafunzi wake nazo zaweza kupotea. Kwa sababu hiyo wapo wanaoshauri kwamba shule zijiepushe kabisa na zana za majaribio. Hofu yao ina msingi, lakini ushauri wao una kasoro. Historia ya zana hizo yaonyesha kwamba hatari kubwa haimo katika upya wa zana. Imo katika kufungwa kwake, yaani mtumiaji kunyimwa ruhusa na uwezo wa kuiendeleza baada ya mwenyewe kuiacha.

Mfano wa kwanza ni Smalltalk. Katika miaka ya 1970, kwenye kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, Alan Kay, Adele Goldberg, Dan Ingalls na wenzao walibuni lugha ya programu iliyoitwa kwa jina hilo, pamoja na mazingira yake ya kazi. Mtumiaji aliona madirisha kwenye kioo, moja juu ya jingine, na aliweza kuibadilisha programu ilhali programu yenyewe inaendelea kufanya kazi. Smalltalk haikupata kuwa lugha ya watu wengi. Hata hivyo, madirisha ya namna ile sasa yamezoeleka katika kompyuta za ofisini na za shuleni, na fikra yake ya kuipanga programu kama vitu vinavyopelekeana ujumbe imerithiwa na lugha nyingi.

Safari yake haikuishia hapo. Mwaka 1996 Ingalls, Kay na wenzao, wakati huo wakiwa katika kampuni ya Apple, walitoa aina ya Smalltalk iliyoitwa Squeak, wakaruhusu watu wainakili na kuibadilisha bila malipo. Juu ya Squeak hiyo watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, yaani MIT, wakiongozwa na Mitchel Resnick, walijenga Scratch, zana ambayo mtoto hutunga programu kwa kuunganisha vipande vya rangi. Scratch ilitolewa kwa umma mwaka 2007. Toleo la pili, la mwaka 2013, lilijengwa juu ya Flash, programu ya kampuni ya Adobe iliyokuwa imeenea duniani kote. Mwaka 2017 Adobe ilitangaza kwamba itaacha kuihudumia Flash, na huduma hiyo ilikoma tarehe 31 Desemba 2020. Watunzaji wa Scratch hawakungoja siku hiyo ifike. Mwezi Januari 2019 walitoa toleo la tatu, lililoandikwa upya kwa ufundi mwingine, na kazi zilizotungwa katika matoleo ya awali ziliweza kufunguliwa humo. Hivyo kiunzi kilibadilishwa mara mbili, na somo likaendelea.

Mfano wa pili wawagusa walimu kwa karibu zaidi. Mwaka 2010 kampuni ya Google ilitoa App Inventor, zana ya kumwezesha mtu asiye fundi kuunda programu za simu. Miongoni mwa walioiongoza kazi hiyo alikuwa Hal Abelson, profesa wa MIT. Mwaka uliofuata kampuni ilitangaza kwamba itaifunga, na huduma yake ikasimama mwishoni mwa mwaka 2011. Kazi za wanafunzi zilikuwa zimehifadhiwa katika kompyuta za kampuni hiyo, si katika kompyuta za shule. Lakini maandishi asilia ya zana hiyo, yaani maagizo kama yalivyoandikwa na mafundi wake, yaliwekwa wazi, na MIT ikaipokea na kuifungua tena kwa umma mwaka 2012. Lau maandishi hayo yangefungiwa kabatini, walimu wasingekuwa na pa kurejea.

Mfano wa tatu una funzo chungu kidogo. Mwaka 2012 Chris Granger aliwaomba watu wachangie, kwa njia ya intaneti, uundaji wa kihariri kiitwacho Light Table, ambacho kingemwonyesha mtunga programu matokeo ya kila agizo papo hapo anapoliandika. Zilikusanywa zaidi ya dola 300,000 za Marekani. Mwaka 2014 maandishi asilia yake yaliwekwa wazi, lakini waundaji wakahamia kwenye jaribio jingine, Eve, nalo likasitishwa mwaka 2018. Fedha zilikuwapo, wapenzi walikuwapo, na ruhusa ya kuiendeleza zana ilikuwapo. Lililokosekana ni mikono ya kutosha ya kuitunza. Programu iliyo wazi lakini haina mtunzaji ni kama shamba lisilo na mpaliliaji: hati ya shamba ipo, mavuno hayapo.

Huenda msomaji akauliza: je, haifai basi shule zichague tu zana za makampuni makubwa yenye mtaji? Mifano iliyotangulia yatosha kujibu. Flash ilikuwa ya kampuni kubwa. App Inventor ilitoka katika mojawapo ya kampuni tajiri kuliko zote duniani. Kampuni hupima faida yake, na siku hesabu isipokubali, zana huondolewa. Hilo ni jambo la kawaida katika biashara na halihitaji kulaumiwa. Lakini mtaala wa shule hauwezi kujengwa juu ya hesabu za mtu mwingine. Mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuleta zana mpya darasani hana budi kujiuliza maswali matatu. Kwanza, je, maandishi asilia ya zana hiyo yako wazi, na je, wapo watu zaidi ya kikundi kimoja wanaoyatunza? Pili, je, kazi ya mwanafunzi yaweza kuhifadhiwa katika diski ya shule, kwa umbo linaloweza kusomwa na zana nyingine, hata siku intaneti inapokatika? Tatu, je, somo lenyewe laweza kufundishwa zana ikiondolewa? Kurudia agizo mpaka sharti litimie, kuchagua kati ya njia mbili, kuipa thamani jina ili iweze kutumika tena: mambo haya yaweza kuandikwa kwa chaki ubaoni. Mwanafunzi aliyeyaelewa atahama kutoka zana moja hadi nyingine pasipo kuanza upya. Yule aliyekariri tu mahali pa kubofya atapotea siku kioo kitakapobadilika rangi.

Maswali hayo yakijibiwa vema, zana ya majaribio haina sababu ya kuogopwa. Kinyume chake, ina manufaa ambayo zana kongwe aghalabu haina: ni changa, haijakamilika, na hivyo kasoro zake zaonekana. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayegundua kosa ndani yake, akalieleza kwa ufasaha, na hatimaye akajaribu kulisahihisha, amefanya kazi ya kisayansi iliyo kamili: ameona, amekisia, amejaribu, amehakikisha.

Hapa ndipo palipo uzito wa suala lote. Uwazi wa maandishi hutoa ruhusa tu. Elimu ndiyo hutoa uwezo. App Inventor ilipofungwa, ilipata makao mapya kwa sababu palikuwa na watu walioweza kuyasoma maandishi yake na kuyabeba. Taifa ambalo vijana wake hufundishwa kubofya tu litapokea kila tangazo la kufungwa kwa zana kama habari za msiba. Taifa linalowafundisha kuufungua utumbo wa zana na kuusoma litakuwa na vijana wa kuwakabidhi zana iliyoachwa. Koleo litavunjika, na huenda likavunjika mara nyingi. Kazi ya shule ni kuhakikisha kwamba siku hiyo mhunzi yupo, na kwamba anajua jinsi koleo linavyofuliwa.