Nyumba za Kale za Ujiji

Mgeni afikapo Ujiji hupelekwa kwanza penye ukumbusho wa Livingstone, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871. Huoneshwa jiwe, husimuliwa habari, kisha hurudi Kigoma. Nyumba za wenyeji, zenye kuta za udongo na baraza mbele, katika mji uliopitiwa na pembe na watumwa kutoka Manyema, hapana aziangaliaye. Zikibomolewa, hapana aulizaye.

Wako wasemao, “Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.” Kweli ipo. Lakini majengo iyahifadhiyo bila kungoja tangazo la Waziri ni yale yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Basi kwa hesabu hiyo hata kituo kile kizuri cha Wadachi ni kitoto mbele ya sheria, sembuse nyumba ya mchuuzi wa Ujiji! Waziri yu mbali, na tingatinga li karibu.

Nami nasema, dawa imo mikononi mwetu. Kila kata na iwe na kamati ya wazee, waashi na walimu. Mtu akitaka kubomoa nyumba ya kale, Manispaa isimpe kibali mpaka kamati imeitazama nyumba na kumsikiliza mwenyewe.

Atauliza mtu, “Mali ni yangu, nani wa kuniamuru?” Neno hili lina haki ndani yake. Hatutaki mjane alale chini ya paa livujalo ili wageni wapendezwe. Abadili bati, aongeze chumba, atie umeme. Lakini baraza wakaapo majirani, na mwembe utiao njia kivuli, si vyake peke yake. Na kamati ikimzuia, Manispaa imsaidie gharama. Haifai wengi wafurahi kwa hasara ya mmoja.

Wala tusitumainie sifa za dunia. Mji Mkongwe wa Unguja ulipata mamlaka yake ya kuuhifadhi mwaka 1985, ukaandikwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib ilianguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na aonaye ufa kwanza ni jirani. Basi jirani na apewe sauti, kabla Ujiji haujabaki jina na jiwe tu.