Hofu ya Nyoka Haiondolewi kwa Hotuba

Msimu wa korosho unapowadia, kuanzia mwezi Oktoba, mkulima wa Newala na Masasi huinama chini ya mikorosho kutwa nzima akiokota korosho zilizodondoka. Juu ya kichwa chake yapo matawi anamokaa koboko wa kijani. Miguuni pake yapo majani makavu anamojificha moma. Mkulima huyu huambiwa mara kwa mara kwamba woga ni adui wa maendeleo, na kwamba binadamu huwa bora akiikabili hofu yake. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika.

Waliokaa chuoni wanakikumbuka kisa cha Nabii Musa, amani iwe juu yake. Fimbo yake ilipogeuka nyoka, alikimbia wala hakutazama nyuma. Hakulaumiwa kwa hilo. Aliitwa arudi, akaambiwa asiogope, na papo hapo akahakikishiwa usalama wake. Amri na dhamana vilikwenda pamoja. Basi anayemwambia mwenzake asiogope, naye hana dhamana ya kumpa, amemtwisha mzigo tu.

Historia ya Newala yenyewe yatufunza hivyo hivyo. Aliishi huko Mwingereza C. J. P. Ionides, aliyefariki mwaka 1968, ambaye watu walimwita Bwana Nyoka. Alikamata nyoka hai wengi mno na kuwapeleka kwenye majumba ya makumbusho na bustani za wanyama, na sifa zake zimeandikwa vitabuni. Lakini Bwana huyo alikuwa na koleo refu la kumfikia nyoka mtini, miwani ya kukinga mate ya swila, na elimu ya miaka mingi. Aliyemwona nyoka kwanza, akapeleka habari, kisha akabaki chini ya mti kumchunga asipotee, alikuwa mwanakijiji asiye na zana yoyote, akingojea ujira mdogo. Jina la huyo halikuandikwa.

Ni dhahiri, basi, kwamba kuikabili hofu humwongoza mtu kwenye wema pale tu anapoikabili kwa elimu na nyenzo. Mwenye elimu anajua kuwa koboko wa kijani ni mwoga na hupenda kukimbia. Anajua kuwa nyoka wengi wa mashambani hawana sumu ya kudhuru mtu, na kwamba wanakula panya wanaotumalizia nafaka. Asiye na elimu huua kila kitambaacho, na akiumwa hufunga kamba kwa nguvu, huchanja jeraha, hulala kwa mganga hadi muda ukapita. Ipasavyo, aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, na abebwe upesi hospitali.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani kuwa haya ni ya bara peke yake, kwani koboko wa kijani yupo Unguja pia. Na ulimwengu umekwisha kuliona jambo hili. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliyaingiza madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa, likikadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka. Mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo 2030.

Lengo hilo halitafikiwa Geneva. Hatuna budi kuwakumbusha viongozi wa Chama na Serikali kwamba hospitali za Ndanda na Mkomaindo ni mbali kwa mtu anayebebwa kwa baiskeli usiku. Dawa ya sumu ya nyoka ni ghali. Iwekwe katika vituo vya afya kabla ya msimu, pamoja na mtumishi anayejua kuitumia. Vyama vya ushirika vinavyoshughulikia salfa ya mikorosho vishughulikie pia viatu vya mpira. Shule nazo zifundishe watoto kuwatambua nyoka wa kwao.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulitangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini. Aliyeumwa na nyoka kijijini hukutana na maadui hao watatu kwa saa moja. Mkulima amekwisha kutimiza sehemu yake: hofu anayo, na shambani anaingia kila asubuhi. Wenye dhamana nao watimize yao.