Kipa mufupi: jibu la Kidiaba

Mu viwanja vya Kolwezi tunaona hii: mutoto wa miaka 13 anaomba kulinda goli, wakubwa wanaangalia kimo, wanamuambia: «Wewe uko mufupi, enda cheza mbele.» Ni haki?

Tukumbuke Robert Kidiaba wa TP Mazembe. Kimo chake ni mita 1,75 hivi. Makipa wengi wa Ulaya wanakaribia mita 1,90 ao wanaipita. Lakini mu mwaka 2010, kule Abu Dhabi, Pachuca haikumufunga (1-0), Internacional pia hapana (2-0). Mazembe ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter ndiyo ilishinda, 3-0.

Toka chini mpaka mwamba ni mita 2,44. Mufupi mwenye kuruka vizuri anafika pale. Shida yake iko kwa korna, katikati ya watu: pale kila santimeta inahesabika. Inafaa atoke mapema, asome mupira mbele ya wengine, na awe na mabeki warefu wenye kumusikia. Hayo yanafundishwa, na yanaomba miaka.

Basi hatusemi kimo si kitu. Tunasema mutoto wa miaka 13 angali anakomaa. Baba na mama, mukimupeleka kwa kocha, muulize: anaruka namna gani? Anatoka kwa saa yake? Kimo chake kipimwe nyuma ya hayo, si mbele.